Taa Nyekundu ya Kulwa

Naapa kwa reli iliyonilisha miaka thelathini na moja: haya ni kweli tupu. Yule mamba niliyewahi kuwaambia alikata tikiti ya daraja la tatu kutoka Kigoma, huyo nilimtia chumvi kidogo. Humu sikutia.

Juzi asubuhi nilikaa kwa Paskazia, muuza uji wa mtaa wetu wa Gongoni, mzaliwa wa Nzega, mwanamke ambaye hacheki mpaka ajue anachekea nini. Mwezi wa sita huu, baridi inauma masikio. Nilivaa koti langu la reli, lile zito la vifungo vya shaba.

"Leo nakupa ya kweli," nikamwambia. "Ukinikamata na uongo, koti hili lako."

"Haya, Mzee Anton. Wanywa uji wote hawa mashahidi. Sema."

Nikasema. Mwaka sabini na tano nilikwenda likizo kwa dada yangu, katika kijiji kipya cha ujamaa upande wa Urambo. Zahanati yao ilikuwa imepewa na wafadhili kasha la kulaza watoto njiti, lenye hita yake, likivuta umeme wa jenereta ya mashine ya kusaga. Alfajiri moja mama mmoja, Nyamizi, akajifungua mimba ya miezi saba. Nesi Veneranda akamlaza mtoto kashani, akapanda baiskeli kwenda kutafuta gari. Akaniachia neno moja: "Kaka Anton, wewe ni mtu wa taa. Liangalie mpaka nirudi."

"Mtu wa taa kweli," nikawaambia. "Kasha lina taa mbili, nyekundu na kijani. Mara nyekundu ikaanza kupepesa: tatu, kimya, tatu, kimya. Mwingine angekimbia! Mimi niliyesoma ishara tangu enzi za Mjerumani..."

"Mjerumani ulimkuta wewe?"

"...za Mwingereza, nikajua mashine inasema. Nikafungua mgongoni, nikamkuta panya kaziba tundu la hewa, kajifunga shuka kiunoni, kalala usingizi wa tajiri. Nikamtoa kwa adabu. Kijani ikawaka. Mtoto akalilia ziwa. Leo ana miaka minane, anachunga ng'ombe, na akiniona tu, 'Shikamoo, babu hita!' Doto yule nampenda kama wa kumzaa."

Walicheka. Paskazia hakucheka. Upawa wake ulisimama juu ya sufuria.

"Anaitwa nani?"

"Doto."

"Na Kulwa yuko wapi?"

Nikainua kikombe nikanywa uji uliokwisha.

"Kwetu hakuna Doto asiyetanguliwa na Kulwa kutoka tumboni," akasema taratibu. "Walikuwa pacha. Kashani alilala nani, mzee?"

Ningeweza kuzua jingine. Ninayo mengi. Lakini nikawaambia yaliyotokea.

Kasha lilitosha mmoja. Veneranda alimlaza Kulwa, aliyekuwa mdogo zaidi. Doto alibaki kifuani kwa mama yake nyuma ya pazia, nami nikawafunika kwa koti hili. Nyekundu haikupepesa hata mara moja. Iliwaka tu, imetulia. Na mtu wa reli akiona nyekundu, anasimamisha. Nikazima. Nikangoja, nikawasha: nyekundu. Nikazima tena. Nilikuwa nangoja kijani, maana treni haipiti penye nyekundu.

"Kaka, mwanangu anapata joto?" Nyamizi aliuliza.

"Tulia, shemeji. Hatari naizuia."

Saa nne Veneranda akarudi na gari. Akaingiza mkono kashani, na mkono ukabaki mle, juu ya Kulwa aliyekwisha poa.

"Nani kazima?"

"Taa ilikuwa nyekundu."

Akaninong'oneza, ili mama asisikie: "Nyekundu ndiyo moto unapanda, kaka Anton. Kijani ni ukishatosha."

Hakunifokea. Heri angenifokea.

"Na panya?" mtu mmoja akauliza pale kwa Paskazia.

"Hapakuwa na panya. Wala Doto hajapata kuniamkia. Sijarudi kijijini."

"Nyamizi anajua?" akauliza Paskazia.

"Anajua mashine iliharibika. Ndivyo nilivyomwambia."

Nikafungua vifungo kimoja kimoja, nikavua koti, nikampa. Akalikunja vizuri juu ya magoti yake, akalipapasa kama nguo ya mtoto, kisha akanirudishia.

"Hili sasa ni langu," akasema, "nami nakutuma wewe ulipeleke kwa Nyamizi. Ukifika, kabla hujaketi, mwambie taa ile ilikuwa inasema nini. Usimwongezee panya."

Ninaandika haya ndani ya behewa la daraja la tatu. Usoke tumeshaipita, Urambo ndiyo inayofuata. Dirisha halifungiki na meno yanagongana. Jirani yangu amenitazama mara mbili, akauliza, "Babu, mbona koti umelipakata tu?"

Nimemwambia si langu.