Koleo la Mama Mukandori

Kila asubuhi, kabla ya kuwafungulia wajawazito mlango, mkunga Muhawenimana alikausha kwanza umeme uliovuja. Ulikuwa wa manjano, mzito kidogo kama mawese, na ulidondoka sakafuni kutoka kwenye viungo viwili vya nyaya karibu na dari. Aliufyonza kwa kitambaa, akaukamulia ndani ya beseni, akaenda kuumwaga nyuma ya jiko, kwenye maharagwe. Taa iliyoning'inia juu ya kitanda cha kujifungulia haikuwahi kuwaka, kwa kuwa umeme uliisha njiani.

Nyaya hizo zilifungwa na Injinia Thierry, aliyetumwa na mradi fulani wa Goma kwenye kituo hiki kidogo cha uzazi, juu ya kilima nje ya Kirolirwe. Alizisokota kwa vidole, akazizungushia vipande vya mfuko wa plastiki, akapigwa picha kando ya paneli ya jua. Alikuwa na diploma mbili, miwani ya jua na buti zisizojua tope. Koleo hakuwa nalo hata moja.

Koleo alikuwa nalo Mama Mukandori, mjane mchunga ng'ombe. Baba yake alikuwa fundi umeme katika ferme, shamba la kutengenezea jibini, akafa akamwachia hilo tu. Kijijini wote waliliita pensi, yaani koleo la kuhasia ng'ombe, kwa sababu huko kila chuma chenye mikono miwili na mdomo mnene huwa cha kazi hiyo. Jirani mmoja aliwahi kuliazima akalijaribu. Ndama aliwaka kama taa siku tatu, akabaki dume vilevile, na hakuna aliyeliazima tena.

Mukandori alilileta kituoni kwa sababu ya binti yake, Céline, aliyekuwa na mimba ya mwezi wa tisa. Mtoto wa kwanza wa Céline alifia katika chumba kilekile cha kujifungulia: kulikuwa giza, na hakuna aliyeona kwamba uzi wa kitovu umemkaba shingo. Mukandori hakutaka kuzika mjukuu wa pili. Akamkuta Injinia, aliyekuja kukagua kazi yake mwenyewe.

"Mama, hii iko pensi ya kuhasi ngombe," Injinia alisema, akilishika koleo kwa ncha za vidole.

"Hapana, kaka. Angalia meno yake: iko fasi tatu. Hii ndogo ya waya mwembamba, hii ya katikati, hii kubwa ya waya ya betri. Hapa nyuma unachunia waya ngozi. Unaingiza waya mu kabomba ka shaba, unafinya, njo inashika."

Alipanda kigoda, akatoa kibomba mfukoni, akabana kiungo cha kwanza. Tone lililokuwa linaning'inia likarudi juu, likaingia ndani ya waya. Injinia aliliona vizuri kabisa.

"Kama ingekuwa ya umeme, mimi ningekuwa nayo," alisema. Akaking'oa kibomba, akakisokota tena kiungo kwa vidole, akaandika kwenye ripoti yake kwamba kifaa cha mifugo kimekutwa ndani ya wodi. Akaondoka na koleo. Debe tupu, na bado lina gari na dereva.

Céline alishikwa na uchungu siku mbili baadaye, alasiri, ukungu ukiwa umelala mpaka dirishani. Mkunga hakuona hata mikono yake. Mukandori akapanda kigoda, akaviweka viungo vyote viwili kinywani, kimoja kila upande, akauma kwa magego. Taa ikawaka. Muhawenimana akauona uzi wa kitovu shingoni mwa mtoto, akautoa, mtoto akalia.

Mukandori hakuweza kushuka, kwa kuwa mama mwingine alikuwa ameshalazwa. Baada yake akaja mwingine. Walimletea kiti kirefu na uji wa mrija, na Céline alimwinulia mjukuu ili amwone.

Wiki ya tatu Injinia alirudi kumalizia ripoti. Alitazama taa, akamtazama mwanamke aliyekaa chini ya dari na nyaya mdomoni, akamwuliza kama ameridhika na umeme. Mukandori alimkodolea macho, taya zimefungwa, machozi yakimtiririka. Injinia alisubiri kwa adabu kama dakika moja. Kisha akaandika kwamba umeme unafanya kazi vizuri, na kwamba mama aliyeulizwa hakuwa na neno.