Katekista Aliyesema Hajui

Asubuhi moja huko Wamaza, mwaka ambao palizi ya pamba ilichelewa, kapita, msimamizi wa kilimo cha lazima cha pamba, aliingia kanisani pamoja na askari wawili. Waumini walikuwa wamepiga magoti, majembe yao yakiwa yameegemezwa ukutani.

"Nani anakawiza watu hapa, na pamba iko inazama majanini?" kapita aliuliza kwa ukali.

Aliyewaita ni Michel, katekista wao, kama alivyowaita kila asubuhi. Lakini aliona kiboko mkononi mwa askari.

"Sijui, bwana," alijibu. "Mimi pia nimewakuta hapa."

Ndipo Régina, mjane aliyelima peke yake, akasimama. "Ni mimi niliwaita."

Askari wakampeleka kufyeka barabara ya Kabambare juma zima, kama adhabu. Michel hakuthubutu hata kumpelekea maji.

Jumapili Régina alirudi, viganja vimechubuka, akapiga magoti mahali pake pa siku zote. Michel alisimama mbele, akafungua kitabu cha sala, kisha akakifunga.

"Baba katekista, anzisha sala," Régina alimwambia kwa upole. "Tuko tunakungoja."

"Siwezi kuwaongoza, mama. Niliwakana mbele ya kiboko."

"Tulikusikia wote, baba. Na bado tumekuja kusali."

Maneno hayo yalimchoma kuliko tusi. Michel akaenda kupiga magoti nyuma ya watu wote. Régina akaanzisha Baba Yetu, naye akaitikia pamoja nao, uso ukimwaka kwa aibu.