Doa Lililogoma Kusogea

Shemeji aliitandika projekta kofi la pili. Picha ikaruka ukutani, ikatikisika, ikarudi palepale na doa lake.

"Unaona?" akaniambia. "Haisikii."

Alisema kwa sauti ya mtu aliyevunjiwa heshima nyumbani kwake. Mimi nilikuwa juu ya ngazi, bisibisi mdomoni, nimeshalegeza skrubu za kule darini, kwa hiyo kofi lile nusura litushushe sote wawili, mimi na mashine. Yeye hakuhitaji ngazi. Alikuwa mrefu, akinyoosha mkono tu anaifikia.

"Shemeji, ukiipiga tena nashuka naondoka," nikamwambia baada ya kutema bisibisi. "Hii haina masikio. Ina lenzi."

Akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, sitamnyima. Ndicho kilichotulaghai nyumbani kwetu, mama akiwa wa kwanza.

Kwetu wananiita Nyigu tangu utotoni, na jirani yetu mmoja bado ana alama za meno yangu mkononi, anaweza kuwaeleza kwa nini. Jina alinipa dada. Yeye ni mtu wa kunyamaza. Tulipogombana na watoto wa mtaani mimi nilirusha mawe, yeye akabaki nyuma kuomba radhi. Alipoposwa na huyu bwana, ambaye watu wote walimwita Bosi, hata mama yake mzazi, nilisema mbele za watu kwamba simpendi. Nikaambiwa nina wivu. Nikafunga mdomo, dada akaolewa, na kwa miaka kadhaa nilimwona Bosi kwenye harusi na misiba tu, akiwachekesha wazee.

Chumba kile cha kutazamia filamu ndicho kilikuwa roho yake. Ukuta wa mbele aliuwekea bodi za jipsamu, akausugua mwenyewe mpaka ukawa laini, akaupaka rangi ya maji nyeupe isiyong'aa, maana hakutaka skrini ya dukani. Alitaka picha itue kwenye ukuta wake. Mapazia meusi yaligusa sakafu. Viti vilikuwa vya kulalia, zulia la kuzamisha mguu, na huingii na viatu. Mtoto wa mgeni mmoja aliwahi kuweka kidole chenye mafuta kwenye ukuta ule. Dada alinisimulia kisa hicho huku akicheka, lakini hakusema Bosi alifanya nini wageni walipoondoka, na mimi nikajifanya hamnazo nisimuulize.

Jumamosi hiyo Bosi alikuwa amewaalika wakubwa wake wa kazini waje kutazama fainali. Asubuhi akanipigia simu. Picha ina doa, alisema, upande wa kulia, linameta, kila mchezaji akipita pale anapauka uso. "Njoo uitengeneze kabla wageni hawajafika. Na dada yako kichwa kinamuuma, amelala, usimsumbue."

Nilikuwa sijamtia dada machoni kwa muda mrefu. Kila nikipiga simu, ana shughuli. Nikabeba begi la vifaa, nikaenda. Bosi alinifungulia, akafunga mlango nyuma yangu kwa ufunguo, akautia ufunguo mfukoni. Niliona. Nikanyamaza, jambo ambalo si kawaida yangu.

Basi nikaanza na mambo madogo, kama tunavyoanza siku zote. Nilitoa chujio la vumbi nikalipuliza, nikafuta lenzi, nikabadilisha kebo, nikaweka picha nyeupe tupu. Doa lipo. Hapo ndipo Bosi alipoishiwa subira akaanza kugawa makofi. Simu yake ikaita, akatoka kwenda kupokelea sebuleni, nami nikaishusha mashine nikaiweka juu ya meza, katikati ya viti.

Kuna jaribio moja ambalo fundi yeyote wa kazi hii analijua. Unaisogeza picha. Doa likienda na picha, ugonjwa uko ndani ya mashine. Doa likibaki, mashine haina kosa, ugonjwa uko pale picha inapotua. Nikaizungusha projekta kidogo kushoto. Picha ikahama. Doa likagoma.

Nikaenda ukutani nikapitisha kiganja. Palikuwa na kiraka cha ukubwa wa sahani, kimevimba kidogo, kinateleza kuliko sehemu nyingine. Mtu aliziba shimo kwa saruji nyeupe, akasugua, akapaka juu yake rangi ya mafuta, ile ya milango, inayong'aa. Kilikuwa usawa wa sikio langu. Mimi na dada tunalingana urefu. Nikawasha tochi ya simu nikasogeza uso karibu. Ndani ya rangi zilikuwa zimeganda nywele, ndefu, za wekundu wa dawa ya dukani. Dawa hiyo nilimpaka dada mimi mwenyewe, jikoni kwa mama, tukicheka.

"Nyigu."

Dada alikuwa mlangoni. Kitambaa amekifunga mpaka chini ya sikio, jicho moja limevimba likawa mstari.

"Sema ni mashine," akaninong'oneza. "Nakuomba."

"Kichwa chako ndicho kilichotoboa hapa?"

"Hajui kama ukuta ulibonyea. Aliponiachia aliondoka na hasira zake, hakutazama nyuma. Nikaziba kabla hajarudi. Ile rangi yake ilikuwa imekwisha, nikachukua ya mlango wa jikoni." Akageuka kutazama mlango. "Akijua nimemharibia ukuta, ataniua. Sitii chumvi, Nyigu. Ameshaniambia."

Mkisikia mtu anasema damu imemchemka, mimi naijua hali hiyo, si maneno tu. Masikio yalinivuma. Nilitaka kumuua yule mtu. Na nilimkasirikia dada pia, Mungu anisamehe, kwa sababu fuvu lake lilikuwa limegongwa ukutani na alichokuwa anakihofia ni ukuta. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi. Nikamwambia atafute viatu vyake, leo tunatoka wote. Hakuwahi kwenda. Bosi alikuwa amesharudi.

"Vipi, fundi?"

"Taa imechoka," nikasema. "Inaunguza picha upande mmoja. Lazima niipeleke karakana. Na dada nampitisha kwa daktari, naona hali yake si nzuri."

Nilidanganya vizuri. Niliongeza na maneno ya kifundi, nikaeleza joto na vioo vya ndani, mpaka mwenyewe nikakaribia kuamini. Lakini Bosi aliijua picha yake kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Aliinama, akaizungusha projekta kulia. Akaizungusha kushoto. Picha ikaenda, ikarudi. Doa likabaki linatutazama.

"Taa gani hii?" akauliza taratibu.

Akaenda ukutani. Akatoa funguo mfukoni, akakwangua. Kipande cha saruji kikaanguka kwenye zulia, kikafuata kingine, mpaka shimo likawa wazi.

"Nani amegusa ukuta wangu?"

Hakuwa anauliza. Aliziachia funguo chini, akamfuata dada pale mlangoni, akamkamata kitambaa pamoja na nywele zilizokuwa ndani yake, akamburuta mpaka pale mbele, akambandika uso kwenye lile shimo. "Ulikuwa unanificha? Kwenye nyumba yangu, unanificha?" Kila neno na kichwa chake ukutani. Bodi ilitoa mlio mkavu. Dada hakupiga kelele hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Alikuwa amezoea.

Nikainyanyua projekta. Ilikuwa ya moto, feni inanguruma tumboni, nikaing'oa na kebo zake na kuipasulia mgongoni mwa Bosi kwa nguvu zote alizonipa Mungu. Mwanga ukapita darini mara moja kisha ukazimika. Na kwa mapazia yale, chumba kikawa giza tupu saa za mchana.

Sikuona ngumi ya kwanza. Ya pili ilinikuta mdomoni. Jino langu la mbele lilibaki mahali fulani kwenye zulia lile. Akanilaza chali juu ya mkono wa kiti, vidole vyake shingoni, nikamng'ata kiganja mpaka nikasikia ladha ya damu, sijui yake au yangu, naye hakuachia. Nilimkwaruza macho. Nilimpiga magoti. Alikuwa mzito, anahema puani mwangu, ananiambia kwa utulivu kabisa, "Nyigu, ee? Nyigu," na kila akisema anakaza. Nilianza kuona nyota. Nikajua ninakufa kwenye kiti cha kutazamia filamu, na nilichokihisi hasa ni hasira.

Kisha nikasikia kishindo. Ni kama cha nazi ikipasuliwa, siwezi kukieleza vingine. Vidole vikalegea.

Pazia likavutwa, mchana ukaingia wote kwa pamoja. Bosi alikuwa amepiga magoti, damu inamtiririka nyuma ya sikio na kuingia kwenye kola. Dada amesimama juu yake na stendi ya chuma ya spika, ameishika kwa mikono miwili kama mchi. Damu ilikuwa inamtoka na yeye, puani. Bosi akainua uso, akamtazama kama anamwona mtu mgeni.

"Wewe?" akasema.

Dada akaishusha tena stendi, begani. Bosi akalala. Sikumzuia dada, na nikiulizwa leo nitajibu hivyohivyo.

"Okota funguo," akaniambia.

Tulitoka, yeye pekupeku, mimi nimeziba mdomo kwa shati langu, watu wa barabarani wakatupisha njia. Miaka imepita sasa, bado nafanya kazi ileile, nina jino la bandia, na kila nikisogeza picha ya mteja kutafuta doa huwa nashikilia meza kwanza.

Siku ile, kituo cha polisi tulimkuta Bosi ameshafika. Wakubwa wake wawili, waliokuja kutazama fainali, walimkuta anatambaa barazani, wakamtia kwenye gari. Amejifunga taulo kichwani. Askari wa zamu alikuwa mama mmoja wa makamo, mwenye miwani, na Bosi alikuwa anamweleza kwa ufasaha wake wote.

"Ndiye huyu, afande. Fundi. Nimemwita kwa wema anitengenezee mashine, akanivamia. Ona kichwa changu."

Mdomo wangu ulikuwa umevimba, siwezi hata kutukana. Nikatikisa kichwa kukubali. Nilimpiga, sasa nikatae nini? Nilikuwa tayari kulala ndani, mradi dada asirudi kule. Lakini nilimtazama dada pembeni yangu, ameinamisha macho, mikono ameifumbata tumboni kama zamani tukiwa tunasubiri adhabu. Nikasema moyoni, sasa hivi ataomba radhi.

"Afande," dada akasema, "anasema uongo. Huyu mdogo wangu alimpiga mgongoni, na projekta. Kichwani nimempiga mimi, mkewe."

Waliokuwa kwenye benchi wakisubiri zamu zao wakageuka. Mmoja akasema "Heee!" na mwenzake akampiga kiwiko anyamaze.

Askari akavua miwani. "Bwana, ni kweli? Mkeo ndiye aliyekupasua hivyo?"

Bosi akawatazama wakubwa wake. Wao wakatazama viatu vyao, lakini mmoja alikuwa amebana midomo, mabega yanamtikisika. Bosi akarekebisha taulo. Nilimwona akipima. Mtu aliyenikaba nusura anitoe roho, sasa jasho linamtoka kwa swali la mama mwenye miwani.

"Nilianguka," akasema.

"Wapi?"

"Bafuni."

Dada akafungua kitambaa chake taratibu, fundo moja baada ya jingine, akakiweka juu ya kaunta. Upande mmoja wa kichwa haukuwa na nywele. Sikio lilikuwa la zambarau, limefura mpaka halina umbo. Mkubwa aliyekuwa anacheka akaacha kucheka.

"Sawa," dada akamwambia askari. "Yeye mwandike ameanguka. Mimi niandike nimepigwa."

Askari akamvutia kiti, akamwambia aanze tangu mwanzo.