Niandike Kundi la Tatu

Mimi nikionewa sinyamazi. Mama yangu alinizaa hivyo, na mume wangu Ladislaus alinioa akijua. Kwa hiyo asubuhi ile majina yalipobandikwa ukutani pale chuo cha uuguzi Masasi, nikaona Dominika, kundi la tatu, sikwenda kulia chooni kama wale mabinti. Nilijifunga kanga vizuri kiunoni nikaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Edson, aliyetutungia mtihani na kuusahihisha.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa wiki ya kwanza, wa kutupanga tu. Walituambia mara tatu: huu hauna kufaulu wala kufeli. Nani alisadiki? Sisi tangu darasa la saba tunajua mtihani ni wa kuchuja watu. Ukipata alama ishirini na kuendelea, kundi la kwanza au la pili, unaanza uuguzi moja kwa moja. Ukipungukiwa, kundi la tatu: miezi sita ya hesabu na Kiingereza kwanza. Mimi nilipata kumi na tisa. Kumi na tisa, jamani!

Kwa wale mabinti miezi sita si kitu. Mimi nina miaka arobaini na moja. Nimekuwa mhudumu katika zahanati ya kijijini kwetu, Newala, miaka kumi na minne. Kidato cha nne nimekirudia ukubwani, nasoma huku nabangua korosho. Halmashauri imenipa ruhusa ya miaka miwili kamili, ndiyo urefu wa kozi. Miezi sita ikizidi, nafasi yangu anapewa mwingine.

"Shikamoo, Mama Oliva," akasema Mwalimu Edson.

"Marahaba. Mwalimu, nimekuja kugombana."

Akacheka, akanivutia kiti. Ni kijana mpole, mtu wa Njombe. Akaitafuta karatasi yangu, nikamwonyesha swali la nne: bomba limefunguliwa saa mbili asubuhi, linajaza tangi kwa saa tano, je, tangi litajaa saa ngapi? Nilikuwa nimeandika saa saba mchana, nikakata, nikaandika chini yake: inategemea kama maji yatatoka.

"Umenikosesha," nikasema. "Umewahi kukaa Newala wewe?"

"Sijawahi, Mama."

"Basi uliza! Kule unafungua bomba Jumatatu, maji unayaona Ijumaa, tena ukibahatika. Tangi langu halijawahi kujazwa na bomba, linajazwa na mvua. Huko kwenu Njombe maji yanamwagika hovyo, ndiyo maana mnatunga maswali ya kujidekeza."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Saa saba uliipata, kisha ukaikata kwa sababu ya ukweli," akasema. "Hiyo nakupa." Akaandika alama moja pembeni. Ishirini! Ningeaga wakati ule, hadithi ingeishia hapo, nami ningerudi bwenini nikiimba.

Lakini mdomo huu. "Na lile la sindano nalo tulitazame," nikasema. "Huenda umenionea tena. Sindano nimeshika miaka yote hiyo."

Swali lilisema mtoto ana kilo tatu, anahitaji miligramu kumi na tano za dawa. Dawa ina miligramu arobaini katika kila mililita moja. Achomwe mililita ngapi? Mimi nilijibu tatu, nukta, saba tano.

Safari hii hakucheka. Akafungua droo, akatoa sindano mbili mpya, moja ndogo, moja kubwa. Ile ndogo akaivuta kidogo tu. "Jibu ni sifuri, nukta, tatu saba tano. Haifiki hata nusu mililita. Ni hapa, Mama, karibu na mstari wa nne." Kisha akaivuta ile kubwa karibu na mstari wake wa nne. "Na hii ndiyo yako. Mara kumi."

"Nukta tu hiyo," nikasema.

"Nukta tu. Dawa hii ikizidi hivyo, mtoto akipona anaweza kuwa kiziwi."

Nilizitazama zile sindano mbili mezani.

Zahanati yetu ni ya watu wawili, mimi na muuguzi Benedikto. Dawa ile alizoea kuichoma mwenyewe, mimi akinionyesha: kwa mtoto mchanga vuta mpaka mstari wa nne. Miaka sita iliyopita akaitwa semina Mtwara, siku tatu. Mwanaisha, jirani yangu, akaja mbio na kichanga chake Jafari, kinachemka homa. Sikuruhusiwa kuchoma, lakini ningefanyaje, nimwache afe? Sindano ndogo zilikuwa zimeisha. Nikachukua kubwa, nikavuta mpaka mstari wa nne kama nilivyofundishwa. Niliona ajabu kwamba nimevunja vichupa viwili badala ya kimoja. Niliona, nikaendelea, siku zote tatu.

Mtoto akapona. Mwanaisha akaniletea jogoo wa shukrani, tukamla na wanangu.

Jafari sasa ana miaka sita. Mama yake akitaka kumwita humrushia korosho miguuni, ndipo mtoto ageuke. Watu husema ni kazi ya Mungu. Na mimi nilisema hivyo, nimekaa barazani kwake, nikimpa pole.

"Mama Oliva? Unaumwa?" Mwalimu Edson alikuwa ameshika kalamu juu ya orodha. "Usijali kosa moja. Ishirini imetimia, nakuhamishia kundi la pili."

"Niache kundi la tatu."

"Si umekuja kugombana utoke huko?"

"Niandike la tatu, Mwalimu. Hiyo nukta nataka niijue mpaka niiote."

"Na ruhusa yako? Watakuondoa kazini."

"Halmashauri nitawaandikia barua. Wakikataa, wamekataa." Nikasimama. "Ila Jumamosi naomba nipande Newala. Kuna mtu lazima nimwambie neno, naye si wa kuandikiwa barua."

"Ni nani, Mama?"

"Ni jirani yangu. Aliwahi kunipa jogoo," nikasema, na machozi yakanitoka mbele ya kijana wa watu.