Upande wa Waya Mweusi

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Lakini siku ile mdogo wangu alipoliingiza gari la tajiri wake kwenye gereji yangu, na tajiri mwenyewe amekaa kiti cha nyuma anatabasamu, hasira hazikunipanda. Hofu ndiyo iliyonipanda. Maana asubuhi hiyohiyo mdogo wangu alikuwa amenipigia simu.

"Dada, akilileta gari kwako, usilione tatizo. Nakuomba. Nimelitia mwenyewe."

"Umelitia wapi, mjinga wewe?"

"Waya mweusi unaoshika injini, ule unaorudisha umeme kwenye betri. Nimelegeza nati, nikapachika kiplastiki chini yake."

Nilimtukana mpaka matusi yakaniishia. Halafu nikamsikiliza, maana sababu yake nilikuwa naijua. Wifi yangu alikuwa kwenye mwezi wake wa kujifungua. Mimba iliyotangulia uchungu ulimshika usiku, yuko peke yake, mlango umefungwa kwa ndani, na mpaka majirani wanauvunja mlango, mtoto ameshakufa. Mdogo wangu saa hizo alikuwa amelala kwenye kiti cha dereva, nje ya nyumba ya pili ya tajiri wake, mbali huko nje ya mji, anasubiri kukuche. Ndivyo anavyolala karibu kila siku. Safari hii aliomba aachiwe usiku tu, mpaka mkewe ajifungue. Akajibiwa kwa kicheko, "Kwani wewe ndiye unayezaa?"

"Nikaona taa zikicheza ataogopa ile barabara ya giza," aliniambia. "Na kweli kaogopa. Juzi na jana kalala mjini, na mimi nimelala kwangu."

Utasema, si aache kazi? Kusema rahisi! Chumba anacholala na familia yake kimo ndani ya ua wa tajiri. Shule ya watoto, tajiri. Watu wamempachika jina la Usijali, kwa kuwa ukimwomba jambo anakwambia usijali, kisha anakupa jambo jingine ambalo hukuliomba, na shukrani zinabaki shingoni mwako. Si mtu mkali hata kidogo. Afadhali angekuwa mkali.

Na kwa nini kwangu, wakati mji una mafundi tele? Hapo ndipo nilipojiponza mwenyewe. Mimi ni fundi wa umeme wa magari, na kwangu mita ya kupimia umeme anaisoma mteja. Nilianza mtindo huo kwa sababu mwanamke ukimwambia mwanamume gari lake halichaji, anakwenda kumwuliza mwanamume mwenzake. Sasa namwambia shika hii, soma kwa sauti. Akishaisoma namba kwa mdomo wake, abishane na nani tena? Jina langu siku hizi ni Fundi Mita, na Usijali alikataa katakata gari lake lipelekwe kwingine.

"Fundi Mita!" aliniita akishuka. "Leo nataka kusoma. Taa zinanichezea kama disko."

Nikampa mita. Nikafungua boneti. Mdogo wangu alibaki kwenye usukani, na kwenye upenyo ule kati ya boneti na kioo niliyaona macho yake tu.

Gari likiwa limezimwa niliweka pini za mita kwenye betri. "Kumi na mbili nukta sita," Usijali akasoma. Betri nzima. Nikaomba gari liwashwe. Namba ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, na taa za mbele zikawa zinafifia na kung'aa mchana kweupe. Fundi yeyote mwenye akili zake angekwenda moja kwa moja kwenye waya mweusi. Mimi nikaenda kwenye mkanda wa alteneta, ile inayochaji betri. Nikaubonyeza, nikauvuta, nikayatazama meno yake. Mkanda ulikuwa mpya.

Nikapima alteneta yenyewe. "Kumi na nne nukta mbili," akasoma, "na hii imetulia." Imetulia kweli, kama maji ya mtungini. Nikapima waya mwekundu unaotoka alteneta kwenda betri. Mzima. Nikachomoa fyuzi moja moja, nikazifuta, nikazirudisha. Jasho likanitiririka mpaka kwenye nyusi. Kila kitu kizima nilichompimia kilikuwa kinatusogeza pale pale nisipotaka kufika, na hakuna njia ya kumwambia mtu aliyeshika mita, hebu acha kusoma.

"Fundi," Usijali akasema taratibu, "umepima waya mwekundu. Mweusi vipi? Si ulinifundisha mwenyewe, hapahapa, kwamba umeme unakwenda na lazima urudi?"

Loo! Mchimba kisima huingia mwenyewe.

"Ndiyo nilikuwa naujia, Mzee."

Pini moja nikaiweka kwenye upande mweusi wa betri. Ya pili ilitakiwa iguse injini, na ingegusa injini namba ingepanda na kutoboa siri yetu. Nikaigusisha bodi ya gari. Bodi ina waya wake mwembamba, na huo mdogo wangu hakuugusa.

"Sifuri," akasoma. "Sifuri nukta sifuri mbili. Hiyo nzuri?"

"Nzuri."

Namba ilikuwa ya kweli. Uongo ulikuwa pale nilipoweka pini. Miaka yote ya kazi hii sijawahi kumfanyia mteja kitu kile.

"Sasa ugonjwa uko wapi?"

"Ndani ya alteneta. Ikiwa baridi inapima vizuri, ikishapata moto inayumba. Lazima niifungue. Uniachie gari wiki hii yote."

Kwenye ule upenyo nikaona mdogo wangu amefumba macho, mtu anayeshukuru. Na mimi nikajisikia mjanja. Jamani, dakika ile nilijisikia mjanja!

"Usijali," tajiri akasema, akinirudishia mita. "Nitakodi gari lenye dereva wake. Huyu atalala hapa."

"Alale hapa?"

"Gereji yako haina geti, fundi. Gari langu halilali peke yake. Atalala humo ndani kila siku, mpaka utakapomaliza."

"Nitalilinda mimi, Mzee. Nina godoro."

"Mwanamke alale kwenye gari, nje? Watu watanisema nini!"

"Basi nitaweka mlinzi."

"Mlinzi simjui. Huyu namjua, ni mwanangu huyu." Akampiga mdogo wangu begani kwa upendo. "Nitakuwa nakupigia simu ya picha, unanigeuzia naliona gari, nalala usingizi wangu. Blanketi nitakuletea."

Akaondoka. Gari la kukodi alilolipigia simu lilimchukua palepale barabarani.

"Dada, umenifunga," mdogo wangu akasema.

"Mimi? Mimi ndiye niliyepachika plastiki? Ulikuwa na mdomo wa kumwambia ukweli, ukaenda kuusemesha waya!"

"Nilimwambia ukweli. Alicheka."

Tukakaa juu ya matairi tukageuza jambo huku na huku. Nikimpigia tajiri niseme nilikosea, gari linapona leo na leoleo mdogo wangu anaendesha kwenda nyumba ya pili. Nikinyamaza, analala hapa, na kutoka hapa mpaka kwa mkewe ni upande wa pili wa mji. Akitoroka, simu ya picha italia. Kote ukuta. Nilimlea mtoto huyu mgongoni mama alipofariki, na sasa nimemtafutia selo ndani ya gereji yangu mwenyewe.

Jua lilikuwa linazama wifi alipopiga. Mdogo wangu akaweka sauti ya nje.

"Chupa imepasuka," wifi akasema. Alikuwa anahema. "Watoto nimewapeleka kwa jirani. Mlango nimeuacha wazi."

Mdogo wangu akasimama, akakaa, akasimama. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake na alikuwa anautafuta mifukoni.

"Gari hilo hapo!" nikamfokea.

"Taa zitanizimikia njiani, dada. Na yeye akipiga?"

"Sogea!"

Nikachukua spana, nikazamisha mkono mpaka bega. Nikafungua nati, nikachomoa kile kiplastiki, nikasugua chuma kwa msasa mpaka kikang'aa, nikakaza kwa nguvu zangu zote na hasira zangu zote. "Washa!" Akawasha. Taa zikasimama, hazikutikisika hata kidogo. Akatoka kinyumenyume, karibu anigonge, akaingia barabarani.

Simu yake aliisahau juu ya meza ya kazi. Ikalia. Nikaona uso wa Usijali kwenye kioo chake, anasubiri. Nikaiacha. Ikakata, ikalia tena. Nikapokea.

"Fundi? Nigeuzie nilione gari langu."

Uongo nilikuwa nao tayari mdomoni, tena mzuri: nimemtuma akalijaribu barabarani. Angeukubali. Halafu angepiga tena baada ya muda, na kesho yake, na keshokutwa, na kila simu ningehitaji mwingine. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi yangu niliona imefika.

Nikaigeuza simu nikamwonyesha gereji ilivyo tupu, na doa la mafuta pale lilipokuwa gari lake.

"Gari halipo, Mzee. Alteneta yako haina kitu. Nilikuwekea pini mahali nilipotaka mimi, ukasoma."

Uso wake ukajaa kwenye kioo cha simu.

"Dereva wangu yuko wapi?"

"Yuko kwa mke wake."

Akakata simu. Nikaingia chumba cha nyuma cha gereji, nikawasha taa, nikaanza kutoa betri mbovu, moja baada ya nyingine, na kuzipanga nje ukutani. Asubuhi kile chumba cha uani kwa tajiri hakitakuwa chao tena, na mtoto mchanga hawezi kulala kwenye asidi.