Sindano ya Mwaka na Nusu

Kilole nzima hakuna aliyembishia Bibi Mwantumu habari za watoto. Alilea watano wake, akawaachisha ziwa wajukuu wa ukoo, na ukimuuliza alijifunzia wapi atakwambia utu uzima dawa. Ndiyo maana Yusra, bintiye aliyeolewa Handeni, alimleta mwanawe Sharifu kwa bibi yake kama desturi ilivyo, akae mbali na titi mpaka asahau.

"Mama, mwezi ujao anatimiza mwaka na nusu. Apelekwe kliniki, kuna sindano ya pili ya surua," Yusra alisema akiaga.

Bibi aliitikia, moyoni akacheka. Enzi zake sindano ya surua ilikuwa moja tu, ya miezi tisa, na ukishaipata umeagana na kliniki. Watano wote walikua kwa hiyo moja. Hawa wa siku hizi hawaishi kuongeza. Yusra alipopiga simu kuuliza, alimjibu, "Nimempeleka," ili asisumbuliwe tena.

Sasa walikuwa wodini, Sharifu mapajani mwa bibi ndani ya kanga, macho mekundu, vipele mwili mzima, kifua kikikoroma. Majuto ni mjukuu, na wake alikuwa anaungua kwa homa. Yusra alikuwa amefika na basi la kwanza kutoka Handeni.

"Alipata sindano ya pili?" Nesi Lea aliuliza.

"Alipata. Mama yangu mwenyewe alimpeleka."

"Basi labda haikushika. Hutokea, ila kwa nadra."

Bibi angeweza kunyamaza, na yangeishia hapo. Lakini Yusra aliinama akaanza kulia.

"Ni mimi," alisema. "Nimemwachisha ziwa mapema, mwili ukakosa nguvu."

Bibi Mwantumu alijiona mwizi anayetazama mwingine akipigwa kwa ajili yake.

"Sikumpeleka, mwanangu. Nilikudanganya. Nilijiona najua."

Nesi hakumfokea. "Ile moja haiwatoshi watoto wote, bibi," alisema taratibu. "Ndiyo maana ikaongezwa." Heri angemfokea.

Yusra alimchukua mtoto mapajani mwa mama yake, akawapa mgongo. Sharifu alipapasa kifua cha mamaye akitafuta ziwa alilonyimwa tangu mwezi uliopita, Yusra akafungua vifungo akampa. Lilikuwa limeshakauka. Mtoto akanyonya hivyo hivyo, na bibi yake akabaki na kanga mikononi, ingali na joto la homa.