Rimoti Iliyovikwa Nailoni

Mshonaji alibonyeza kitufe chekundu cha rimoti mpya na runinga haikuwaka. Akatoa betri, akazirudisha, akasogea karibu na skrini, akabonyeza tena. Kimya. Mwishowe aliiwasha kwa kidole na kurudi kwenye cherehani.

Rimoti ilikuwa ya kufundishwa. Unabonyeza kitufe cha mpangilio mpaka taa iwake, unaingiza namba za runinga yako, basi, inakutii. Mume wake, mtunza stoo, aliileta ikiwa imeshafundishwa na fundi, imevikwa nailoni na kufungwa mpira ili isichakae. Alikuwa mtu wa kununua vitu viwili viwili. Ndoo mbili, chupa mbili za chai, mapazia jozi mbili. Kimoja kilikuja nyumbani, na kingine alisema kimeenda kwa mwenzake wa kazini. Mshonaji alishajiuliza huyo mwenzake ni mtu gani asiyeweza kujinunulia hata ndoo.

Jioni hiyo mume alirudi amenuna.

"Runinga imetuharibia mpira leo. Inawaka, inazima, inawaka."

"Runinga ya wapi?"

"Ya kazini."

Stoo haikuwa na runinga. Stoo haikuwa hata na dirisha.

Ya kwao nayo ilianza mambo yake. Ilijiwasha baada ya saa za kazi, kila mara kwenye mpira, na kila mara mume alikuwa hajarudi, yuko stoo anahesabu mizigo. Mshonaji akamwita fundi.

Fundi aliielekeza rimoti kwenye kamera ya simu yake, akabonyeza, na taa ndogo ikawaka kwenye kioo cha simu.

"Dada, rimoti ni nzima."

"Mbona haiwashi, fundi?"

"Inawasha. Ila siyo hapa. Nilizifundisha mbili kwa pamoja, kila moja na runinga yake, nikazivika nailoni zinazofanana. Shemeji atakuwa amezichanganya."

"Mbili?"

Fundi akaanza kukusanya bisibisi zake.

"Hiyo nyumba nyingine iko mbali?" mshonaji aliuliza.

"Haiwezi kuwa mbali sana. Ingekuwa mbali ingekula betri. Nikufundishie upya?"

"Iache hivyo hivyo."

Roho ilimuuma, lakini alitaka kuwa na uhakika. Siku iliyofuata, mume alipochelewa, mshonaji alipandisha sauti kwa rimoti ile mpaka mwisho. Mume alirudi ameshika sikio. Siku nyingine alibonyeza chaneli ya mapishi na kuiacha hapo. Mume alirudi, akachungulia sufuria, akamweleza namna ya kukaanga vitunguu bila kuviunguza.

"Umejifunzia wapi?"

"Si watu wanaongea tu, mke wangu."

Alimtazama mumewe akila kwa raha zake. Alimchukia kidogo, kisha akamwongezea mchuzi.

Halafu ikaja jioni ambayo mume aliwahi kurudi. Walikuwa mezani wakati runinga ilipojiwasha. Mshonaji aliutazama mkono wa mumewe. Ulikuwa na kijiko. Rimoti ilikuwa kabatini. Chaneli zikaanza kuruka ovyo, habari, muziki, habari tena, kama anayebonyeza hajui kusoma. Zikatulia kwenye katuni za sungura. Sauti ikapanda.

Mume hakuinua kichwa.

"Hizo anazipenda sana," alisema, akaendelea kutafuna.

Mshonaji aliweka kijiko chini. Tangu waoane alikuwa akiambiwa wasubiri kupata mtoto mpaka nyumba wanayojenga iishe.

"Ana umri gani?"

"Mwakani anaanza shule."

"Mama yake anamwacha na runinga mpaka saa hizi?"

"Anarudi kazini amechoka. Nimwambie nini?"

Walitazama sungura mpaka chakula kikaisha. Mshonaji akatoa vyombo, akanawa, akaichukua rimoti kabatini. Hakukuwa na kitufe cha kumfaa kwa hayo aliyokuwa nayo moyoni. Alibonyeza kile chekundu. Baada ya muda mfupi skrini yao nayo ikazima, na alijua kwamba huko kuna mtoto amekwenda kulala.

Sasa hufanya hivyo kila jioni. Betri zikiisha, mume huleta mpya, pakiti mbili. Juzi alileta makoti ya mvua ya mtoto, mawili yanayofanana. Moja akaliweka kabatini kwao.

"La nani?" mshonaji aliuliza.

"Letu. Nyumba ikiisha."

Koti bado limo ndani ya nailoni yake, halijaguswa.